Unga Usiopunguka

(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

Somo letu la leo limo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 17. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Mwenye kazi jikoni na aendelee nayo, maana habari yenyewe ni ya jikoni.

Mvua ilikuwa imezuiwa. Bwana Yesu alipoitaja habari hii kule Nazareti, alisema mbingu zilifungwa miaka mitatu na miezi sita. Kijito cha Kerithi, ambako nabii Eliya alikuwa akinywa maji, kikakauka, naye akaamriwa kwenda Sarepta, mji wa pwani katika nchi ya Sidoni. Siku hizi mahali hapo ni katika nchi ya Lebanoni. Angalieni jambo hili: Sidoni ndiko alikotoka malkia Yezebeli, na watu wake walimwabudu Baali, wakiamini kwamba yeye ndiye aletaye mvua. Kumbe hata kwa huyo mwenye mvua watu walikuwa na njaa! Huko ndiko Mungu alikomwekea mtumishi wake chakula, wala si katika ghala la tajiri, bali kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni langoni pa mji.

Mjane huyu alikuwa amebakiwa na konzi moja ya unga, yaani kiasi ambacho mkono mmoja waweza kukifumbata, na mafuta kidogo katika chupa. Alikusudia kupika, ale pamoja na mwanawe, kisha wangoje kufa. Wale waliokuwa na watoto mwaka wa 1984, mvua ilipokosekana hapa Kenya tukala mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, hawahitaji kuelezwa sana. Wanajua jinsi mama anavyokwangua debe polepole, watoto wasije wakasikia kwamba amefika chini.

Eliya akamwambia ampikie yeye kwanza mkate mdogo. Neno hili ni gumu, tena limetumiwa vibaya. Wako wahubiri wanaolishika ili kumtoa mjane wa siku hizi shilingi yake ya mwisho, wakimwahidi nyumba na gari. Lakini someni vizuri. Eliya alikaa katika nyumba ile. Alikula unga wa pipa lile lile, siku kwa siku, pamoja na mama na mtoto wake. Kama ungalikwisha, yeye naye angalilala njaa. Anayepokea mkate wa kwanza kisha akaenda kula kwingine, huyo asijilinganishe na Eliya.

Tena, hatusomi popote kwamba pipa lilijaa. Tunasoma tu kwamba halikupunguka. Mama alipolifunua asubuhi hakukuta magunia yamepangwa ukutani; alikuta unga wa siku ile. Kesho yake ikambidi atie mkono tena katika pipa lile lile, akimtumaini Mungu yule yule. Ndivyo ilivyokuwa na mana jangwani: pishi moja kwa kila mtu, na aliyeilaza mpaka asubuhi aliikuta ina mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Sisemi tusiweke akiba. Yusufu aliweka nafaka kule Misri miaka saba, na alifanya vema. Lakini wengi wetu tungependa Mungu atupe ya mwaka mzima kwa mara moja, tufunge mlango, tusisumbuane naye tena mpaka mavuno.

Wewe mama unayenisikiliza, labda karo haijalipwa na mwisho wa mwezi bado uko mbali. Jioni jirani anabisha hodi, amemtuma mtoto na bakuli kuomba unga kidogo. Unajua debe lako limebaki na kiasi gani. Mlango huo wa jikoni kwako ndio lango la Sarepta.

Wala msidhani kwamba nyumba ile haikuona shida tena. Endeleeni kusoma. Baada ya mambo hayo mtoto yule akaugua, akafa. Unga upo, mtoto hayupo! Mama akamgeukia nabii kwa uchungu, kana kwamba amekuja nyumbani mwake kumkumbusha dhambi zake na kumwulia mwana. Eliya hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba au kwamba sadaka yake ilikuwa ndogo. Alimtwaa mtoto kifuani pa mama yake, akampandisha chumba cha juu alikokuwa akilala, akamlaza kitandani pake mwenyewe. Kisha naye akamlilia Mungu, akiuliza swali lile lile la yule mama. Mara tatu alijinyosha juu ya mtoto, na Mungu akamsikia. Ndipo akashuka naye, yu hai, akamrudisha mikononi mwa mama yake.