Risala Mbele ya Mgeni Mkubwa

Leo twataka kunena nanyi habari za siku ile ambayo kila kijiji katika Tanzania chaijua: siku ya kuja mgeni mkubwa. Yaweza kuwa ni mbunge, au mkuu wa wilaya, au mkuu wa mkoa, au waziri mwenyewe. Habari humfikia kwanza mtendaji wa kijiji, kisha mambo yote huenda mbio. Barabara iliyokaa na mashimo tangu masika hufukiwa kwa siku mbili. Mawe ya uwanja wa shule hupakwa chokaa. Wanafunzi hufundishwa wimbo, na jina la mgeni hutiwa ndani yake. Viti huazimwa, hata vile vya nyumba ya ibada, na turubai hufungwa karibu na mwembe. Mgeni aliyetazamiwa saa nne huwasili saa nane, na watoto wamekwisha kuungua na jua.

Hatusemi haya kwa dhihaka. Kumpokea mgeni vizuri ni ada yetu, na watu hawapaki mawe chokaa kwa upumbavu, ila kwa kuwa wana tumaini. Mama aliyesimama juani saa nne nzima, na bado akapiga vigelegele gari lilipotokea, yuko anachokitazamia. Mara nyingi anatazamia maji.

Baada ya ngoma na nyimbo husomwa risala. Twazijua risala za namna hiyo, maana sisi wenyewe tumeshiriki kuandika kadhaa, nasi twakiri makosa yetu. Huanza kwa shukrani ndefu, kisha huja maombi: twaomba maji, twaomba zahanati, umeme, daraja, nyumba za walimu, mnara wa simu, uzio wa shule, na mwishoni kabisa jezi za timu ya mpira. Maombi 14 katika karatasi mbili. Mgeni husikiliza kwa adabu, husimama, akajibu kwamba ameyasikia yote na yatashughulikiwa. Watu hupiga makofi. Gari huondoka, vumbi hutua, viti hurudishwa kwa wenyewe.

Je, mgeni huyo amedanganya? Pengine hakudanganya. Mtu aliyeombwa mambo 14 kwa pumzi moja halazimiki kuahidi hata moja, wala hapati lawama kwa kukosa lolote. Sisi ndio tuliomfungulia mlango wa kutokea.

Tuchukue maji peke yake. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila nyumba ya shamba iwe na maji safi yasiyopita mita 400 kutoka mlangoni. Mwaka 1991 ukafika, na nyumba nyingi zilikuwa bado mbali na maji. Mwaka 2002 ikatolewa Sera ya Maji ya Taifa, na mita zile zile 400 zikaandikwa ndani yake tena, pamoja na hesabu nyingine mbili: kila mtu apate walau lita 25 kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Basi wako wazee waliosikia ahadi ya kwanza wakiwa vijana, wakaisikia ya pili wakiwa na mvi. Hatusemi hivi kwa kuwadharau walioipanga. Visima vingi sana vilichimbwa katika miaka ile. Walakini vingi vilikufa vilevile, kwa kukosa mafuta ya mashine, au kipuri, au fundi, au fedha ya kumlipa fundi. Kazi ya kuchimba ina utepe wa kukatwa na picha za kupigwa. Kazi ya kutunza haina sherehe, na kwa hiyo haimo katika risala.

Wanafunzi wanaotusikiliza na washike kalamu. Watu 250, mara lita 25, ni lita 6,250 kwa siku. Ndoo yetu ya kawaida ni ya lita 20. Basi kituo kimoja chapaswa kutoa ndoo 312 na nusu kila siku. Ikiwa ndoo moja hujaa kwa dakika mbili, hizo ni dakika 625, yaani saa 10 na dakika 25, bomba lisipumzike hata kidogo. Na kijiji chenye watu 2,000 chahitaji vituo vinane. Hesabu hizi zimo katika uwezo wa darasa la tano, lakini katika risala zote tulizozisikia, ni moja tu iliyokuwa nazo.

Hiyo tuliisikia katika kijiji kimoja cha Ugogo, ambacho jina lake hatutalitaja. Huko miaka ya nyuma palikuwa pamechimbwa kisima, kikatiwa pampu ya mkono, na mgeni mmoja mkubwa alikuja kukifungua. Kabla ya miaka mitatu kutimia pampu ikanyamaza. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa ndani, mdogo kama kikombe cha kahawa. Hapakuwa na mtu kijijini aliyejua kuubadili, wala hapakuwa na fedha iliyowekwa kwa ajili yake. Wanawake wakarudi kufukua mchanga wa korongo, kama bibi zao walivyofanya, na wasichana wakawa wanaamka usiku wa manane ili wapate nafasi mbele ya foleni. Mwalimu mmoja alituambia kwamba alikuwa akiwatambua watoto wa upande wa mbali wa kijiji kwa namna walivyosinzia katika kipindi cha kwanza.

Zikaja habari kwamba mgeni mwingine anakuja. Kamati ikaketi kuandika risala, na ombi la kwanza likawa lile lile: kisima kipya. Ndipo mwalimu yule akauliza, kwa nini tuombe kipya ilhali cha zamani kina maji chini yake? Wengine wakakasirika. Walisema mgeni hawezi kuja toka mjini kwa ajili ya kipande cha mpira; itakuwa aibu. Hoja hii si ya kuchekwa. Watu maskini huona haya kuomba kitu kidogo mbele ya mkubwa, kama vile ukubwa wa ombi ndio heshima ya mgeni.

Mwalimu hakubishana. Aliwatuma wanafunzi wa darasa la sita wakae korongoni wawili wawili, kwa zamu, tangu alfajiri hata magharibi, siku tatu, na kila ndoo inayojaa waipigie mstari katika daftari. Siku ya nne walijumlisha. Ikaonekana kwamba kila mtu kijijini alikuwa akipata maji yasiyofika nusu ya zile lita 25. Hesabu hiyo ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ni mkutano wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, wala si wa wakubwa wa kijiji peke yao. Watu wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa akijua shida hii mgongoni mwake, lakini hakuna aliyekuwa ameiona kwa tarakimu. Wakakubaliana maombi mengine yangoje, wakaanza kuchanga fedha kidogo kidogo kwa kila nyumba, na mwekahazina akapewa kitabu cha stakabadhi.

Siku ya mgeni, risala ilikuwa ya nusu karatasi. Aliyeisoma ni msichana mmoja wa hao waliohesabu ndoo. Iliomba mambo matatu yaliyo jambo moja: fundi wa kuitengeneza pampu, mafunzo kwa vijana wawili wa kijiji, na mahali pa kununulia vipuri. Kisha ikaeleza fedha iliyokwisha kuchangwa. Twakumbuka kwamba mgeni alikuwa amekwisha kuishika karatasi ya hotuba yake, akairudisha mfukoni. Akamwita mhandisi wa maji wa wilaya, aliyekuwa nyuma karibu na magari, akamwuliza mbele ya watu wote: lini? Mhandisi alitaja tarehe. Mtendaji akaiandika katika muhtasari, akawasomea watu alichoandika, na mgeni akatia sahihi yake chini.

Kuandika maneno ya mgeni si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1948 ulikuja Tanganyika ujumbe wa kwanza wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Hati ya Umoja huo, katika kifungu cha 87, iliruhusu ziara za namna hiyo na kupokea maombi ya wenyeji. Ujumbe ulirudi mwaka 1951, 1954, 1957 na 1960. Watu walipeleka barua, na kila barua ilipewa nambari yake, ikachapwa, ikahifadhiwa. Wameru waliofukuzwa katika nchi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hata New York mwaka uliofuata, kwa fedha waliyochanga wenyewe. Hawakurudishiwa nchi yao wakati ule, nasi hatutaki kuipamba habari hiyo. Walakini maneno yao hayakupotea pamoja na vumbi la magari. Yamo kitabuni, na hata leo mtu aweza kuyasoma na kujua nani aliomba nini, na alijibiwa nini.

Tena yafaa kujua unamwomba nani. Twasikia mara nyingi mbunge akiombwa barabara kuu, na mkuu wa wilaya akiombwa mabati kana kwamba anayo ghalani. Maji ya vijijini, tangu Julai 2019, yako chini ya wakala uitwao RUWASA, uliowekwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka huo, na chini yake viko vyombo vya watumia maji ambavyo wanakijiji wenyewe huvichagua. Barabara za wilaya ni za TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Mbunge naye ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, naye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha hiyo ni ya jimbo, si ya mfuko wa koti lake, na mwananchi aulizaye imetumikaje hamvunjii mtu heshima.

Liko pia jambo la majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge huijadili bajeti Dodoma tangu Aprili hata Juni. Kabla ya hapo mipango hutoka kijijini, hupita kwenye kata, hufika halmashauri ya wilaya. Basi mgeni aahidiye zahanati mwezi wa Agosti anaahidi kitu ambacho, kama hakikuwa kimeandikwa tangu mwanzo wa mwaka, hakimo katika kitabu cha mwaka ule. Pengine ana nia njema kabisa. Mwulizeni: ni bajeti ya mwaka gani? Swali hili fupi halina utovu wa adabu, nalo hutenganisha ahadi na salamu.

Mtatuuliza habari za pampu ya Ugogo. Tarehe iliyotajwa ilipita, na fundi hakuja. Watu wengine wakaanza kusema, si tuliwaambia? Halmashauri ya kijiji ikaandika barua kwa mhandisi, ikaambatisha nakala ya muhtasari wenye sahihi. Haikujibiwa. Ikaandika ya pili, na nakala kwa diwani. Fundi akaja akiwa amechelewa zaidi ya miezi miwili, akafanya kazi tangu asubuhi hata adhuhuri, na vijana wawili wakisimama kando wakimtazama mikono. Baadaye mmoja wao alihamia mjini kutafuta kazi, na kijiji kikalazimika kumfundisha mwingine. Mara hii walimchagua mama mwenye watoto wanne, kwa kuwa, walisema, huyu hana pa kwenda.

Tulipopita huko mara ya mwisho tulimkuta akiwa ameifungua pampu, vipande vyake vimepangwa juu ya kanga. Mwekahazina alikuwa ameketi juu ya jiwe, daftari magotini, akiandika bei ya mpira mpya. Foleni ya ndoo ilikuwa kimya ikingoja. Tulimwuliza kama mgeni mwingine anatazamiwa mwaka huu. Akasema ndiyo, na kwamba Mkutano Mkuu umekwisha kukubaliana juu ya ombi, nalo ni moja tena: nyumba ya mganga wa zahanati. Wanafunzi wamekwisha kutumwa kuwahesabu wagonjwa wanaorudi bila kutibiwa.