Kumwandaa kijana kwa usaili wa Chuo Kikuu cha ng'ambo



Kila mwaka ifikapo mwezi Oktoba, wako vijana wa Tanzania wanaopeleka maombi yao katika vyuo vikuu vya Uingereza. Wengi wao wamefaulu vizuri sana na vyeti vyao havina doa. Walakini wamo miongoni mwao ambao hukwama mahali ambapo cheti hakiwezi kuwasemea, yaani mbele ya walimu wa chuo wanaotaka kuwasikia wakifikiri. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo, na hasa sehemu ya mwalimu na ya mzazi katika kumwandaa kijana.

Hapa nchini kijana aliyemaliza Kidato cha Sita huingia Chuo Kikuu kwa alama zake, na aghalabu hakuna mtu anayemwita kumhoji. Haikuwa hivyo siku zote. Azimio la Musoma la Novemba, 1974, lilitaka mtu aingie Chuo Kikuu baada ya kufanya kazi, akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Utaratibu ule ulilegezwa na hatimaye ukaachwa, na wapo waliousifu na waliounung'unikia. Lakini ulikiri jambo moja la kweli, kwamba alama za mtihani hazimwelezi mtu mzima mzima.

Vyuo vya Oxford na Cambridge hukiri jambo hilo hilo kwa njia yao. Vyuo vingi vya Uingereza humchukua mwanafunzi kwa karatasi tu, isipokuwa katika masomo kama udaktari. Oxford na Cambridge huhoji kwa karibu kila somo. Huko Oxford maombi hufungwa katikati ya Oktoba, waliochujwa huhojiwa mwezi Desemba, na majibu hutoka Januari. Tangu mwaka 2020 mahojiano ya Oxford hufanywa kwa kompyuta, kwa hiyo kijana wa Songea au Bukoba huhojiwa akiwa kwao, bila nauli wala koti la baridi.

Wanaouliza maswali si maofisa wa utawala. Ni walimu wenyewe wa somo, ambao wakimpokea kijana huyo ndio watakaomfundisha. Na ufundishaji wao una namna yake: mwalimu mmoja hukaa na wanafunzi wawili au watatu, wiki baada ya wiki, na mwanafunzi huleta alichoandika akakitetea. Usaili ni kionjo cha darasa hilo. Mwalimu humpa kijana jambo asilolijua, akatazama atafanya nini nalo. Kijana anayeelewa hivyo amekwisha kupiga nusu ya safari, maana ataacha kutafuta orodha ya maswali na majibu yake.

Tuseme kijana wa Mwanza ameomba kusoma elimu ya viumbe, na anaulizwa kwa nini ziwa moja liwe na aina nyingi za samaki na jingine liwe na chache. Aliyezoea kukariri ataanza na maana ya neno ikolojia kama ilivyo katika daftari lake, kisha atanyamaza. Hakukosea, lakini hakumpa mwalimu kitu cha kushika. Mwenzake ataanza na ziwa analolijua. Atasema kwamba katika Ziwa Victoria walikuwapo furu wa mamia ya aina. Wengine hukwangua mwani kwenye mawe, wengine huvunja konokono, wengine hula wadudu, na mataya yao hutofautiana kwa kadiri ya chakula chao. Yumkini basi wingi wa aina unatokana na wingi wa njia za kupata riziki katika ziwa moja.

Hapo mwalimu atamsukuma mbele. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Mbona dagaa hawakwisha? Kijana pengine hakufundishwa hilo. Lakini anaweza kufikiri kwa sauti: dagaa hukua upesi na kuzaa kwa wingi, hali furu jike hutaga mayai machache na kuyalea kinywani. Anayezaa machache huchelewa kufidia waliokufa. Mwalimu akimwambia kwamba maji ya ziwa nayo yalichafuka yakawa na giza, kijana anaruhusiwa kubadili mawazo papo hapo na kusema kwamba, ikiwa ni hivyo, sangara peke yake hatoshi kuwa sababu. Kubadili mawazo kwa hoja ni moja ya mambo wanayoyatafuta sana wasaili.

Mfano huu umeelezwa kwa urefu kwa sababu una jambo lililojificha ndani yake. Vijana wengi, wanapokaa mbele ya Mzungu, huficha yale wanayoyajua kwao wakidhani kwamba yanayotakiwa ni ya Ulaya. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe ana maarifa ya ziwa ambayo mwenzake wa London hana, na hayatumii! Mtoto wa mkulima wa kahawa huulizwa habari za bei na soko, akaeleza bei za mikate katika kitabu. Wa kumwambia kwamba elimu ya kwao ni elimu ni mwalimu, na amwambie mapema.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi, 1967. Alilalamika kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu wa kukumbuka mambo na kuyatoa anapotakiwa, akataka shule zijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwaiga ovyo, na imani ya mtu katika nafsi yake. Ni ajabu kidogo kwamba mambo hayo, yaliyoandikwa kwa ajili ya ujenzi wa kijiji cha Tanzania, ndiyo pia anayopimwa kijana wetu na walimu wa Oxford. Shule iliyoyashika hayo haina haja ya mafunzo maalumu ya usaili. Shule iliyoyaacha haitaweza kuyarudisha kwa majuma mawili ya mwezi Novemba.

Halafu kuna suala la adabu, na hapa hapana budi kusema wazi. Mtoto aliyelelewa vema hapa kwetu hamkatizi mkubwa, hambishii mwalimu, na hamkazii macho. Katika usaili, ukimya wake wa heshima unaweza kuonekana kuwa ni ukosefu wa mawazo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli. Lakini methali hiyo inahusu nasaha, haikukusudiwa hesabu za mteremko wa jiwe. Kijana afundishwe kwamba kumwambia mwalimu, "Samahani, hapo sikubaliani, kwa sababu hii," ni adabu pia mahali pale. Kadhalika aruhusiwe kusema, "Sijui, lakini naweza kuanzia hapa." Katika mtihani wetu neno sijui halina alama. Kule, likifuatiwa na hatua moja ya hoja, lina thamani.

Lugha huwatisha wengi. Wamesoma kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza, lakini wanapofikiri kwa haraka hufikiri kwa Kiswahili, wakakwama katika kutafsiri. Dawa yake si kukariri sentensi nzuri. Mwalimu ampe kijana swali, walijadili kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa, kisha warudie kwa Kiingereza chepesi. Hoja iliyokwisha kukaa hupata maneno. Maneno mazuri yasiyo na hoja hayamfikishi mtu popote.

Upo usaili wa pili, nao huwahusu hata wale wasiohojiwa kwa masomo. Tangu mwaka 2012 serikali ya Uingereza huweza kumhoji mwombaji wa viza ya masomo ili kujua kama kweli ni mwanafunzi, na vyuo vingi navyo humhoji kwanza vyenyewe. Maswali ni ya kawaida: kwa nini somo hili, kwa nini chuo hiki, nani analipa, utakaa wapi, ukimaliza utafanya nini. Hapa ndipo wanapoingia mawakala wanaouza majibu. Ofisa aliyesikia maneno yale yale kwa waombaji kumi hahitaji kuwa mpelelezi kutambua kwamba wa kumi na moja amefundishwa. Kijana asome mwenyewe mpango wa masomo ya chuo anachokiomba, ajue masomo ya mwaka wa kwanza na ada yake, na aeleze kwa maneno yake.

Katika fedha wazazi wajihadhari, wakiwamo watumishi wa umma wanaojua sana mambo ya nyaraka. Kwa kawaida, fedha za kijana anayetakiwa kuonyesha uwezo wake hukaa benki siku 28 mfululizo kabla ya maombi. Wapo wanaoazima fedha zionekane, au wanaogeuza karatasi ya benki. Udanganyifu ukigunduliwa, viza hukataliwa na mwombaji anaweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Hasara hiyo humwangukia mtoto ambaye pengine hakujua lolote.

Ama swali la utafanya nini ukimaliza, kijana asilijibu kwa wimbo wa kulitumikia taifa ikiwa hajafikiri atalitumikia wapi. Aseme ni hospitali ya namna gani, maabara gani, shule gani, na kwa nini ujuzi ule haupatikani hapa nchini kwa sasa. Jibu la namna hiyo humsaidia kwa ofisa wa Uingereza, na litamsaidia zaidi yeye mwenyewe miaka mitatu baadaye, atakapokuwa anafungasha mizigo huku rafiki zake wakimshawishi abaki.

Yabaki mambo madogo, ambayo yamewahi kuharibu makubwa. Kabla ya siku yenyewe mkuu wa shule amwombe mtu asiyemjua kijana, bwana shamba au mganga wa wilaya, amhoji kwa nusu saa, maana mwalimu wake amekwisha kumzoea na humwonea huruma. Patafutwe chumba chenye mlango unaofungika. Umeme hukatika, kwa hiyo kompyuta iwe imejaa chaji na simu yenye intaneti iwe karibu. Na tatizo likitokea, chuo kijulishwe mara moja bila kuona haya. Saa nazo ziandikwe kwa hesabu zote mbili. Saa 4 asubuhi ya Oxford mwezi Desemba ni saa 7 mchana ya Dar es Salaam, na barua ya chuo itaiandika kuwa ni saa 10. Kijana anayesoma 10 kwa Kiswahili ataketi mbele ya kompyuta jioni, walimu wakiwa wamemngoja na kuondoka saa tatu zilizopita.