Bendera yetu, meli za watu

(Maneno niliyoyasema kwenye mazungumzo ya vijana, Jaws Corner, Mji Mkongwe, Julai 2025)

 

Niliposema nitazungumzia nyuklia, rafiki yangu alicheka: "Wee, Unguja na nyuklia wapi na wapi?" Basi nikuhadithieni.

Mwaka 2012 mimi nilikuwa skuli ya msingi. Marekani ilikuwa inaibana Iran iachane na mpango wake wa nyuklia, na tarehe 1 Julai Ulaya nayo ikaacha kununua mafuta yake. Meli za mafuta za Iran zikatafuta pa kujificha. Zikajificha wapi? Chini ya bendera yetu. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia barua Rais Kikwete. Agosti serikali ikakiri: meli 36 za Iran zimesajiliwa kupitia Zanzibar, ikasema ni kazi ya wakala aliyeko Dubai. Usajili ukafutwa.

Tunapenda kusema fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini mwaka ule sisi hatukuwa nyasi. Tulimwazima fahali mmoja shuka ya kujifunika, na tukaambiwa na fahali wa pili kwamba shuka ni yetu!

Na tuseme ukweli hapa barazani: ile ilikuwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maalim Seif, Mungu amrehemu, alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo sisemi haya kukipaka matope chama kimoja. Nauliza suala la mwanafunzi wa sheria: kwa nini mwenye bendera aje kujulishwa na barua kutoka Washington? Meli 36 za mafuta si ngalawa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, Ibara ya 91, unataka uhusiano wa kweli baina ya meli na nchi yenye bendera. Ibara ya 94 inaitaka nchi hiyo iisimamie meli yake. Hatukufanya hivyo. Ndiyo maana Januari 2018 tuliaibika tena, kwa habari za meli mbili zenye bendera yetu zilizokamatwa, moja na kokeini, moja na vifaa vya kutengenezea miripuko.

Sasa tufanye nini, dola kubwa zikigombana juu ya bomu?

Kwanza, tutofautishe. Vikwazo vya Baraza la Usalama vinatubana, Ibara ya 25 ya Hati ya Umoja wa Mataifa iko wazi. Vikwazo vya nchi moja ni maombi. Ombi hujadiliwa Baraza la Wawakilishi, wananchi tukisikia, halafu tunajibu ndiyo au hapana kwa sababu zetu.

Pili, daftari la meli liwe wazi. Kila mtu aone meli ni ya nani na nani kaisajili.

Tatu, tusimamie ukaguzi na mazungumzo. Mwaka 2015 Iran ilikubali kurutubisha urani isizidi asilimia 3.67, wakaguzi wakaingia. Marekani ikajitoa 2018. Baadaye Iran ikapanda hadi asilimia 60. Juni 2025 duru ya sita ya mazungumzo ilikuwa ikae Maskati tarehe 15. Israel ikaanza kupiga tarehe 13. Mjomba wangu anaishi Maskati. Siku zile mama hakulala, simu mkononi.

Mtu atasema sisi wadogo, nani atatusikiliza? Mwaka 1996 Afrika ilisaini Mkataba wa Pelindaba, bara lote lisiwe na silaha za nyuklia. Katibu Mkuu wa OAU wakati huo alikuwa nani? Dk. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Pemba. Kwa hiyo sauti tunayo. Lakini huwezi kumwambia mwenzio fungua milango ukaguliwe, na daftari lako mwenyewe umelificha.

 Masuala nayapokea, hata ya kunipinga.