Kifaa Kimoja Hakiazimiki

(Maneno ya mwalimu mstaafu katika kikao cha kamati za maktaba za parokia, Kerege, Bagamoyo)



Mmeniomba nieleze kwa nini mimi, niliyekusanya vitabu tangu ujana, sasa nasomea kifaa cha kielektroniki, na kama maktaba zetu nazo zifuate njia hiyo.

Sababu ya kwanza ni macho. Herufi za vitabu vyangu zilinishinda. Mwanangu akaniletea kifaa hiki, nami naongeza ukubwa wa herufi nipendavyo. Ukurasa wake hupangwa kwa chembe nyeusi na nyeupe, na zikishapangwa hukaa bila kula chaji. Kwa hiyo nasoma nje mchana wa jua kali, na umeme ukikatika siku mbili tatu sina wasiwasi.

Sababu ya pili ni mchwa. Masika moja walipanda ukutani wakamaliza rafu ya chini. Nakala yangu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilibaki jalada tu.

Hata hivyo, ndugu zangu, niseme na upande wa pili. Riwaya hiyo niliitafuta kwenye kifaa changu sikuipata. Vya Kiingereza vilijaa tele.

Tena kuna mjukuu wa jirani aliyezoea kuja kila Jumamosi kuazima kitabu. Siku moja akaniamkia, akauliza, "Babu, leo unaniazima kipi?" Nikakitazama kifaa. Kumwazima kitabu kimoja ni kumpa vyote, nami nibaki mikono mitupu. Mtoto akaondoka bila kitu. Usiku ule sikusoma.

Liko pia suala la umiliki. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza kifaa chake, Kindle, mwaka 2007. Julai 2009 ilifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Kimoja ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Kampuni ilirudisha fedha na kuomba radhi. Lakini mchwa wa Kerege hawawezi kula kitabu kilichoko Msata. Mwenye duka la namna ile aliweza kufuta kote kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wafadhili wakitupa vifaa, vitangulie kwa wazee na wenye uoni hafifu. Pili, fedha za vitabu vya karatasi vya Kiswahili zisipunguzwe, maana hivyo ndivyo watoto wanavyoazima. Tatu, kila kamati isogeze makabati mbali na ukuta, na miguu yake isimame ndani ya makopo ya oili chafu. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea yule mtoto kitabu kutoka rafu ya juu. Hajakirudisha bado, nasikia sasa anacho dada yake.