SIKU YA KLINIKI SI SIKU YA UVIVU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Donholm)



Twawashukuru kwa kufika, maana wengine mmetoka kazini usiku na bado hamjalala. Leo twasema habari za ugonjwa wa sukari. Msidhani ni habari za madaktari peke yao. Mwisho wake mtauona katika mshahara.

Ugonjwa huu si kama malaria. Mwenye malaria hunywa dawa akapona. Mwenye sukari hukaa nayo maisha yake yote. Kwa hiyo kumwona daktari mara moja hakumtoshi. Yampasa apimwe damu mara kwa mara, apate vidonge au insulini bila kukosa, na atazamwe macho na miguu. Akikosa hayo, huenda asisikie lolote leo. Taabu huja baada ya miaka: kidonda cha mguu hakiponi, macho yafifia, figo zachoka.

Wenzetu wa Donholm, Savannah na Umoja wenye ugonjwa huu tumewauliza wanavyotibiwa. Hawakuwalaumu wauguzi. Walisema sista huwapokea vizuri na kuwafundisha chakula cha kula. Wanalolalamikia ni foleni na dawa. Mtu hutoka nyumbani alfajiri bila chai, ili damu yake ipimwe kabla hajala. Hukaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana, kisha huambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Siku imekwisha. Kibarua wa Industrial Area asipofika kazini halipwi, na pesa ya dawa ndiyo hiyo aliyoikosa. Mwezi wa pili husema, "Sijisikii vibaya, nitakwenda mwezi ujao." Ndivyo mtu anavyopoteza mguu.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika miezi 12, akileta cheti cha daktari. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo yamtazama mtu asiyeweza kufanya kazi. Mwenye sukari aendaye kliniki ana nguvu zake, na huenda ili zisimwishe. Pengo hilo litazibwa na mapatano yetu na matajiri.

Tena, tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 550. Pesa hiyo ni jasho letu, nasi tuna haki ya kuuliza mbona kabati la dawa li tupu. Lakini kila mtu kwanza ahakikishe ameandikishwa, yeye na jamaa yake, maana kukatwa pesa si kuandikishwa.

Insulini ilitiwa mgonjwa mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, mwaka 1922. Mwaka uliofuata wavumbuzi waliuza haki yake kwa chuo kikuu cha huko kwa dola moja moja tu. Hawakutaka iwe mali ya wenye pesa. Basi sisi tunaoihitaji tutanyamaza kwa nini?

Twataka mambo mawili. La kwanza, nusu siku ya kliniki kila mwezi bila kukatwa mshahara, iandikwe katika mapatano. La pili, wajumbe wetu waende kwa wakuu wa afya wa kaunti kuuliza habari za dawa.

Nanyi mna kazi. Mwenye daftari la kliniki amwonyeshe mwakilishi wa mahali pake pa kazi, pamoja na hesabu ya siku alizokatwa. Jina lake halitasomwa mbele ya mtu. Tukikaa mezani na matajiri, tuwe na hesabu mkononi, si malalamiko matupu.