Tumshukuru Mungu Pamoja Siku ya Uhuru

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Karatu)



Tumeombwa kusema machache juu ya ibada ya shukrani ya 9 Desemba. Katika sharika mbili tatu tumesikia watu wakiuliza: tushukuru nini? Swali hilo si utovu wa adabu. Mwaka 2025 Serikali ilifuta sherehe za kitaifa baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba uliomwaga damu. Upande wa Ngorongoro, ndugu zetu Wamasai hawajasahau kwamba wazazi wao walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya bendera ya Uhuru kupanda. Na tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni, kwa mpango wa Serikali. Wapo walioridhika, wapo wenye uchungu hadi leo. Hatuwezi kuwaambia wauache uchungu mlangoni ndipo waingie kuimba.

Sisi tulijifunza mwaka 2015. Uchaguzi ulikuwa mkali mno hapa Karatu. Katika usharika mmoja kamati ya maji ilipasuka. Wa kijani hawakusalimiana na wa kombati. Vikao vitatu havikutimiza akidi, na ofisi yetu, lazima tukiri, ilinyamaza ikidhani yatapita. Bomba likavuja, kina mama wakarudi kuchota mtoni na punda.

Kisha Rais Magufuli akafuta gwaride la 9 Desemba, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, maana kipindupindu kilikuwa kimeenea nchini. Mchungaji akatangaza kwamba ibada itafanyika kwenye chanzo cha maji, kila mtu aje na jembe au panga. Tulitegemea watu kumi. Walikuja wa vyama vyote, wakaja Wakatoliki na Waislamu, hata Wadatoga waliokuwa wakinywesha ng'ombe jirani wakaingia kazini. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi siku ile. Walizoa tope, wakazungushia miiba, wakala makande ya sufuria moja. Mzee mmoja, aliyekuwa kijana mwaka 1961, aliposimama kuomba alishukuru kwa shule na zahanati, kisha akamtajia Mungu na yale ambayo bado hatujayapata, bila kuficha. Hiyo ndiyo shukrani tunayoiomba kwenu. Wiki iliyofuata akidi ilitimia.

Maji yetu yanatoka misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Anayechunga kule juu na anayelima vitunguu Mang'ola wanakunywa mvua ile ile, wapigie kura chama chochote.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Ibada iwe fupi, ifanyike karibu na chanzo cha maji, na waalikwe majirani wa madhehebu na dini nyingine. Sare za vyama zibaki nyumbani. Sadaka ya vitu, kuku na mahindi, inadiwe palepale na fedha yake inunue mabomba. Wafadhili hatuwaombi fedha ya chakula. Njooni mshike jembe. Wenye malalamiko ya ardhi wapewe nafasi ya kuomba kwa lugha yao, na asiwepo wa kuwakatiza.

Tunaomba majina ya wasimamizi wa kila usharika yatufikie kabla ya mwisho wa Novemba. Makande safari hii yatapikwa na kina baba.