Boti Kavu Msimu wa Baridi

Msikilizaji, boti ndogo iliyofungwa gatini Uingereza mwezi Januari hulowa ndani bila hata kuvuja. Hewa yenye unyevu hugusa ubavu wa baridi, unyevu ukageuka matone; magodoro yakaota kuvu.

Mashine ya kukausha hewa yenye kompresa, kama friji, hula umeme kidogo, ila kwenye baridi kali hushika barafu na kudorora. Ile yenye gurudumu la madini yanayonyonya unyevu hufanya kazi hata karibu na nyuzi 0, na huacha vuguvugu. Mimi ningechukua hiyo, bili niivumilie. Hakikisha hujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Mpira wake wa kutoa maji uishie kwenye sinki, maana tangi likijaa, mashine huzima. Na kama hakuna anayelala humo, ziba matundu ya hewa, usije ukakausha bandari nzima.